Dadu Ikikukataa: Gundu, Hesabu na Chumvi ya Uvinza

Jumamosi moja ya masika, barazani kwa rafiki yetu pale Mwanga, Kigoma mjini, mwenye nyumba alirusha dadu yake ya nyuso 20 mara tatu mfululizo, na mara zote tatu ikaja 1. Katika mchezo wetu hakuna namba mbaya kuliko hiyo. Nusu saa kabla, binti mmoja mwanafunzi wa chuo, aliyekuja kwetu kwa mara ya kwanza, alikuwa ameiokota dadu hiyohiyo mezani akaigeuzageuza kwenye mwanga kutazama rangi yake. Mtu mmoja akamwambia, "Dada, mkono wako una gundu." Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo, akaiweka mikono mapajani, na jioni nzima hakugusa tena kitu cha mtu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Gundu kwetu si neno jepesi. Mtu akishasemwa kwamba ana gundu, au nyota yake imefifia, au ana mkosi, neno lile linamfuata hadi pasipo na mchezo wowote. Anaweza kunyimwa kazi kwa neno hilo. Anaweza kuambiwa ashuke kwenye mtumbwi. Ndiyo maana nimeona nikae niufungue mkanganyiko huu wa dadu za bahati na dadu za mkosi taratibu, maana ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: kuna dadu yenyewe kama kitu, kuna hesabu ya bahati, na kuna moyo wa anayerusha. Kila moja lina jibu lake, na tatizo huanza pale jibu la moja linapotumiwa kwa lingine.

Kwa asiyeujua mchezo, nianzie hapo. Unaitwa mchezo wa kuigiza wahusika, na huchezwa mezani. Mtu mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mganga, mwizi wa mjini, mtawa. Hakuna njia ya kete kama ya ludo wala nyumba ya kufika. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye daraja la kamba, ng'ambo yupo mlinzi na mbwa wawili." Wachezaji wanaeleza wanachotaka kufanya, na pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu ndiyo inayoamua. Mchezo ulioifungua njia hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na dadu yake kuu leo ni ile yenye nyuso 20. Unarusha, unajumlisha alama za ustadi wa mhusika wako, unalinganisha na kiwango alichoweka msimulizi. Ukimpiga adui na ikaja 20, pigo limeingia hata awe na ngao ya chuma. Ikija 1 umekosa, hata uwe bingwa.

Sasa fikiria kwamba mhusika huyo umemlea kwa miezi kumi na minne. Ana jina, ana mama aliyemwacha kijijini, ana deni kwa mfanyabiashara wa chumvi. Halafu uhai wake unategemea kipande cha plastiki kinachobingirika kuelekea ukingo wa meza. Asiyelihisi hilo hawezi kuelewa kwa nini watu wazima wenye kazi zao na watoto wao wanaibembeleza plastiki.

Na wanaibembeleza kweli. Wapo wanaoipulizia pumzi kabla ya kurusha. Wapo wanaozipanga dadu zao 20 ikiwa juu, ili zizoee kukaa hivyo, na wapo wanaozipanga 1 ikiwa juu, ili ubaya wote uishie pale kabla mchezo haujaanza. Wapo wasiothubutu kurusha ovyo mapema, wasije wakazimaliza 20 bure, huku wengine wakirusha mapema makusudi ili 1 zote zitoke. Kila mmoja ana kisa cha kuthibitisha lake, na wote wamekaa meza moja. Halafu kuna jela ya dadu, desturi inayojulikana karibu kila mahali mchezo huu unapochezwa: dadu iliyokuangusha inafungiwa hadi ijirekebishe. Kwetu inaitwa lupango, nayo ni kikopo cha mafuta ya mgando chenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Huko ughaibuni wapo wanaofika mbali zaidi, wakaiweka dadu kwenye friza au kwenye maikrowevu, au wakaivunja kwa nyundo mbele ya zile nyingine ili zishike adabu. Wa maikrowevu afahamu kwamba joto hulainisha plastiki, na plastiki iliyolainika haikai tena katika umbo lake. Dadu aliyoiadhibu ikiwa haina kosa inaweza kutoka humo ikiwa na kosa.

Mwiko mkuu kuliko yote ni huu: usiguse dadu ya mwenzako. Niseme ukweli, mwiko huu una akili ndani yake. Jumamosi zetu tunakula migebuka iliyokaangwa kwa mawese, na vidole vya mawese vikigusa dadu nyeupe huacha rangi ya chungwa kwenye mifereji ya tarakimu, rangi isiyotoka hata kwa sabuni na mswaki. Hapo mwiko unalinda mali ya mtu, na mimi nauheshimu. Lakini kulinda mali ni kitu kimoja, na kusema kwamba mkono wa fulani umeingiza nuksi ni kitu kingine kabisa.

Tuichukue basi dadu yenyewe, maana hapa mashabiki wa bahati wana hoja nusu. Kuna dadu mbovu. Zile zilizouzwa pamoja na mchezo miaka ya 1970 zilikuwa za plastiki laini, zikichezewa muda kidogo ncha zinalika, hadi dadu inabingirika kama gololi. Lou Zocchi, mtengenezaji wa dadu wa Marekani, alitumia miaka mingi kuwaeleza wateja kwamba dadu nyingi hung'arishwa kwa kuzungushwa ndani ya pipa lenye vitu vya kukwangua, na pipa halikwangui kila upande sawasawa. Za kwake aliziacha na kingo kali. Huyohuyo ndiye aliyebuni dadu ya nyuso 100, kitu kama mpira kisichotaka kusimama. Mbali na umbo, kuna uzito: plastiki ikimiminwa, povu la hewa linaweza kunaswa ndani, na upande wenye povu unakuwa mwepesi. Macho hayalioni, hasa kwenye dadu ya rangi nzito.

Povu hilo lina kipimo chake, na kwa mtu wa Kigoma vifaa viko jikoni. Dadu za akriliki zina uzito unaokaribia gramu 1.18 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Maji ya kawaida ni gramu 1, kwa hiyo dadu inazama. Lakini maji yaliyoshiba chumvi hufikia gramu 1.2, na hapo dadu inaelea kwa taabu, ikiwa imezama karibu yote na uso mmoja tu ukichungulia. Mililita 100 za maji humeza takriban gramu 36 za chumvi kabla ya kukataa, kwa hiyo bilauri ya mililita 250 inataka gramu 90. Nilitumia chumvi ya Uvinza, ile inayochemshwa kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wa huku wamekuwa wakizifuata kwa zaidi ya miaka elfu moja. Yangu ilikuwa na vumbi kidogo, nikayachuja maji kwa kitambaa cha kanga baada ya kuyapasha moto, nikasubiri yapoe.

Nilianza na dadu ya mwenye nyumba, ile iliyotoa 1 tatu. Ni ya buluu yenye mistari myeupe kama moshi. Nikaitumbukiza, ikashuka nusu bilauri, ikapanda polepole kama inayoamka. Ikatulia 17 ikiwa juu. Nikaisukuma kwa kijiko, ikapinduka, ikatulia kwenye 6. Nikaisukuma tena: 12. Tena: 2. Mara ishirini na tano nimeisukuma na haikuonyesha kupenda upande wowote. Dadu ile haina kosa.

Kisha nikaitumbukiza ya kwangu. Hii ni nyekundu, nimekaa nayo miaka miwili, na nilikuwa naiita ya bahati kwa kinywa kipana. Sikuwahi kumwazima mtu. Ikapanda, ikajigeuza yenyewe kabla sijaigusa, ikaleta 13 juu. Nikaipindua hadi 13 ikaelekea chini kabisa. Ikazunguka pole, kama mtu anayejigeuza kitandani, ikarudi na 13 juu. Nikaisukuma mara kumi, na mara zote ikarudi palepale au kwa jirani yake. Kwenye dadu za kawaida za nyuso 20, majirani wa 13 ni 1, 5 na 11. Kama dadu yangu ilikuwa na upendeleo wowote, basi ulikuwa wa kuelekea huko, na katika miaka yote miwili mimi nilikuwa naihesabia 20 zake tu.

Hapa inabidi niweke mipaka, kwa sababu kipimo cha maji ya chumvi kina mashabiki wanaokikuza kupita kiasi. Kinachoonyesha ni uzito uliolalia upande mmoja. Hakionyeshi kama umbo limepinda. Na kuelea si kubingirika: ndani ya maji, tofauti ndogo ya uzito ina muda wa kutosha wa kuigeuza dadu, lakini mezani dadu inagonga, inaruka, inasuguana na mbao, na tofauti hiyo inaweza kumezwa yote. Pia watengenezaji walifikiria. Tarakimu za dadu ya 20 hazipangwi kwa mfuatano. Nyuso zinazotazamana zina jumla ya 21, na 20 imewekwa katikati ya 2, 8 na 14. Kwa hiyo hata dadu ikilalia upande, upande huo una namba kubwa na ndogo zilizochanganyika, na wastani hausogei sana. Dadu ambayo kweli unaweza kuibishia mezani ni ile ya kuhesabia, inayotumika kwenye michezo ya karata kutunza uhai wa mchezaji. Hiyo ina 20 karibu na 19, na 19 karibu na 18, ili mtu aweze kuteremka namba moja moja kwa kuigeuza kidogo. Ikiwa na povu upande wa namba kubwa, namba kubwa zote zinapanda pamoja. Mtu akija na dadu ya namna hiyo, mwambie kwa upole atumie nyingine.

Anayetaka jibu la uhakika zaidi arushe na aandike. Mara 200 zinaanza kusema kitu. Katika kurusha 200, kila uso unategemewa mara 10, lakini bahati peke yake inaweza kuupeleka hadi 4 au hadi 16 bila dadu kuwa na kosa lolote. Na kwa kuwa nyuso ni 20, hata dadu safi kabisa inaweza kuwa na uso mmoja uliotoka nje ya mipaka hiyo. Watu wengi hupotelea hapo: wanauona uso mmoja uliozidi, wanatangaza kwamba wamegundua. Dadu ihukumiwe kwa nyuso zake zote kwa pamoja, na kama unauogopa uso mmoja, irushe mara 200 nyingine uone kama ni uleule.

Sasa zile 1 tatu. Uwezekano wa dadu nzuri kuleta 1 mara tatu mfululizo ni mara moja katika 20 mara 20 mara 20, yaani mara moja katika 8,000. Ukiisikia hivyo unaweza kuapa kwamba kuna mkono wa mtu. Lakini hesabu urushaji wote. Sisi ni watu watano, na kwa jioni moja kila mtu hurusha kama mara 30. Hizo ni 150. Tukikutana Jumamosi 40 kwa mwaka, tumerusha mara 6,000. Mezani kwetu basi, 1 tatu mfululizo ni jambo la kutarajiwa mara moja kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, bila mgeni yeyote kugusa chochote. Na tulikuwa tumecheza miaka miwili bila kuliona. Siku ilipofika, binti wa watu alikuwa amekaa kiti cha pembeni.

Wazo kwamba dadu ina deni, kwamba baada ya namba mbaya nyingi nzuri iko njiani, ni la zamani na limewagharimu watu mali. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gurudumu lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halina zamu. Dadu nayo haina kumbukumbu; haijui kwamba jana ilikutendea vibaya, wala haijui kwamba imetoka lupango. Ukiirusha mara 20 usipate 20 hata moja, usione umelogwa: katika kila vikao mia vya urushaji wa mara 20, karibu 36 vitakwenda hivyohivyo.

Mahesabu haya tunayadaiwa na wacheza kamari wenyewe. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu kugawana fedha za mchezo uliokatishwa, na kutoka hapo elimu ya uwezekano ikaanza kusimama. Kabla yao, Mwitaliano Gerolamo Cardano, tabibu na mtazamia nyota aliyefariki mwaka 1576, alikuwa ameandika kitabu juu ya michezo ya bahati ambacho kilichapwa mwaka 1663. Cardano aliweza kuhesabu njia ambazo dadu zinaweza kuangukia, na bado aliamini kwamba bahati ni nguvu inayomfuata mchezaji. Hesabu na imani vilikaa ndani ya kichwa kimoja, na mimi simshangai. Hata baada ya bilauri ile, mkono wangu bado unaitafuta nyekundu kwanza.

Kwa nini? Sehemu ni kumbukumbu. Ikija 20 wakati mhusika anakufa, meza nzima inapiga kelele, mtu anasimama, jirani anauliza kuna nini. Ikija 9, msimulizi anasema "haitoshi" na mchezo unaendelea. Nani anakumbuka 9? Kwa hiyo daftari la kichwani linajaa 20 na 1, na dadu inapata sifa kwa matukio manne au matano ya mwaka mzima. Tena sifa huja baada ya tukio. Chukua dadu kumi zilizo sawa kabisa, zirushe jioni nzima: mojawapo lazima iongoze. Hiyo tunaivisha cheo cha bahati, kana kwamba tuliichagua tangu mwanzo.

Sehemu nyingine ni hamu ya kuwa na mkono katika jambo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye visanduku na kuwaletea chakula kila baada ya muda uleule, wafanye wasifanye. Njiwa mmoja akawa anazunguka, mwingine anatikisa kichwa, kila mmoja akirudia jambo lake kana kwamba ndilo lililoleta chakula. Watafiti wa baadaye walieleza mienendo hiyo kwa namna nyingine, lakini picha yenyewe imebaki. Mwaka 1975 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Ellen Langer, aliwauzia watu tiketi za bahati nasibu kwa dola 1. Waliochagua tiketi wenyewe walipoombwa waziuze walitaka wastani wa dola 8.67, na waliopewa tu walitaka 1.96. Uwezekano ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni hisia ya "hii ni yangu." Ndiyo maana mtu anayecheza kwa dadu aliyoinunua mwenyewe Dar es Salaam, akaisafirisha kwenye mfuko wa shati siku mbili za treni, hawezi kuiona kuwa sawa na ya kuazima.

Na kuna lile la nguvu ya mkono. Mwaka 1967 mwanasosholojia James Henslin aliandika kuhusu madereva wa teksi wa St. Louis, Marekani, waliocheza dadu: wakitaka namba ndogo walirusha polepole, wakitaka kubwa walirusha kwa kishindo. Niliposoma habari hiyo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nenda kijiwe chochote cha bodaboda kwetu, kaa kwenye benchi la ludo dakika kumi. Anayehitaji 6 ili atoe kete nyumbani anaitingisha ile dadu hadi mishipa ya shingo inatokeza. Anayehitaji 1 ya kumla mwenzake anaimwaga kama anamimina mafuta ya taa.

Maelezo ninayoyaamini kuliko yote nayaona kila jioni nikishuka Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, na katika insha yake ya mwaka 1925 alieleza kwamba walipovua ndani ya wangwa uliotulia, ambako samaki ni wa uhakika, hawakuhangaika na uganga. Walipotoka bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, uganga ulikuwa mwingi. Uganga uliingia pale ujuzi ulipoishia. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanatoka jua likizama na taa zao, na usiku wa mbalamwezi wanapumzika, kwa sababu taa haishindani na mwezi. Hilo halina mwiko. Ni ujuzi, na kalenda yake wanaijua. Lakini ziwa lina kina cha mita 1,470, na upepo hauna kalenda. Mjomba wangu mwenye kipe chake, yaani chombo cha kuvulia, hakubali mtu auvuke wavu kwa miguu. Namheshimu mno, na sijawahi kuuvuka.

Meza yetu iko hivyohivyo. Kupanga mbinu, kuchagua njia, kumbembeleza mlinzi kwa maneno, hayo ni wangwa. Tunayafanya kwa akili na hakuna anayepuliza kitu. Dadu ikishaondoka mkononi, hiyo ndiyo bahari kuu. Tena, kitu chenyewe kina ukoo na uaguzi. Dadu za nyuso 20 zilizochongwa herufi za Kigiriki zimepatikana Misri, za miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, nyingine zimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Na ipo moja iliyoandikwa majina ya miungu ya Misri, ambayo huenda ilitumika kuuliza yajayo. Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji kwenda Misri. Tunasema "kupiga bao" kwa anayecheza na kwa anayeagua. Lugha yetu haijawahi kuutenga mchezo na ramli kwa ukuta mnene, kwa hiyo mtu anayeishika dadu kwa hofu hajapotoka. Anafanya kitu chenye mizizi.

Ndiyo maana sitaki lupango livunjwe. Kikopo kile kinatupa pumziko baada ya kipigo, watu wanaisomea dadu mashtaka, tunacheka, aliyepoteza mhusika anapata dakika ya kupoa. Wengine hudai kwamba hirizi husaidia kweli. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2010 ulionyesha waliopewa mpira wa gofu "wa bahati" wakilenga vizuri zaidi. Jaribio la kuurudia, lililochapishwa mwaka 2014, halikuona tofauti hiyo. Hata kama ingekuwapo, kulenga ni kazi ya mkono na utulivu unaweza kuufaa. Dadu inayobingirika haipokei utulivu wako.

Ninachokikataa ni kuhamisha mashtaka kutoka kwenye dadu kwenda kwa mtu. Dadu ikiitwa ya mkosi haiumii, na mashtaka yake yanapimika: kuna bilauri, kuna kalamu na karatasi. Mtu akiitwa wa mkosi hakuna bilauri ya kumtumbukiza. Kila 1 itakayokuja akiwapo itahesabiwa kwake, kila 20 itasemwa imekuja licha yake. Ni daftari lilelile lililoifanya nyekundu yangu kuwa ya bahati miaka miwili, ila safari hii limeandikwa juu ya mgongo wa binti wa watu, na yeye hana namna ya kulifuta.

Jumamosi ya tatu nilikwenda na bilauri yangu barazani. Tukaisukuma ile ya buluu mbele ya wote, kila mtu kwa zamu yake, na nikawasomea hesabu ya mara 6,000. Aliyetamka neno lile alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwomba shemeji yangu, anayesoma chuo kimoja na yule binti, namba ya simu, akatoka nje akapiga mwenyewe. Sikusikia walichoongea.

Wiki iliyofuata alikuja. Alikuwa ameagiza dadu zake, za kijani, kwenye kifuko cha kitenge alichokishona kwa mkono. Akazimwaga mezani, akasema, "Shikeni tu, kaka zangu, ila naweni mikono kwanza." Tukanawa. Msimulizi akamrudisha mhusika wake kwenye daraja la kamba alikoachwa mwezi mzima, mlinzi ng'ambo, mbwa wawili. Akarusha. Ikaja 9. Haikutosha, na nimeiandika kwenye daftari.